Kutengeneza valvu ya geti ya inchi 4: kutoka mchoro hadi benchi la majaribio

Valvu ya geti hufanya kazi mbili tu: kuachia njia wazi yote, au kuifunga kabisa. Si ya kupunguzia mtiririko. Ukiiacha nusu wazi, kinachopita kwa kasi chini ya kabari (kipande kinachoshuka kuziba njia) huchonga uso wa kiti (pete ambayo kabari hubana juu yake) na ukingo wa kabari, na siku utakapotaka kuifunga haitafunga tena.

Mwongozo huu unafuata valvu moja mwanzo hadi mwisho: inchi 4, Class 150 (daraja la shinikizo), bodi ya chuma cha pua cha kusubu (chenye kaboni, si kile kisichoshika kutu), boneti (kifuniko cha juu) ya bolti, spindo (fimbo inayoinua na kushusha kabari) inayopanda, kabari inayonyumbuka, kwa kiwango cha API 600 cha Taasisi ya Petroli ya Marekani. Ni aina inayotumika kwenye maghala ya mafuta, na kwenye laini za mvuke za viwanda kama vya sukari. Vipimo ni vya ukubwa huo; utaratibu ni uleule kwa inchi 3 au 6.

Katika kazi yote hii, jambo moja linatawala mengine: pembe ya kabari, na kimo ambacho kabari inakaa ikiwa imefungwa. Makosa ya kusubu huonekana na hurekebishwa. Kosa la kimo hupita majaribio, likaonekana baada ya mwaka mmoja wa kazi.

Hatua ya 1: Kupanga vipimo

Urefu kutoka uso wa flanji moja hadi wa pili ni mm 229. Kipenyo cha flanji nacho ni mm 229 (kwa inchi 3 na 6 namba hizi mbili hazilingani, usizoee). Kila flanji ina matundu 8 ya mm 19 kwenye duara la mm 190.5. Njia ya ndani ni mm 100. Ukuta wa bodi usipungue mm 11.2 mahali popote. Chora mm 13, kwa sababu kiini cha mchanga (kinachounda uwazi wa ndani) huhama kidogo wakati wa kumimina, na kikihama milimita moja upande mmoja unanenepa na wa pili unapungua.

Sasa viti na kabari. Tumia pembe ya digrii 5 kila upande, yaani 10 kwa jumla. Uso wa kiti uwe na upana wa mm 8: kipenyo cha ndani 100, cha nje 116. Uso wa kabari uwe na upana mara mbili, mm 16: ndani 92, nje 124. Vikikaa katikati sawasawa, uso wa kabari unazidi kiti kwa mm 4 kila upande.

Lakini kabari mpya haitakiwi kukaa katikati. Ikae juu ya kitovu kwa mm 2. Kadiri nyuso zinavyolika, kabari hushuka chini zaidi ndipo ibane, na API 600 inadai ukubwa huu uwe na akiba ya kushuka isiyopungua mm 3.3. Ukianzia mm 2 juu, unayo nafasi ya mm 6 kabla uso wa kiti haujatoka kwenye uso wa kabari upande wa juu. Acha pia uwazi wa angalau mm 8 kati ya tako la kabari na sakafu ya bodi. Kabari ikigota sakafuni haibani tena, hata ukikaza usukani kwa nguvu kiasi gani.

Hesabu ifuatayo iandike ukutani karakanani. Sini ya digrii 5 ni 0.087. Maana yake, ukiondoa mm 0.087 kwenye kila uso wa kabari, kabari inashuka milimita nzima. Sehemu moja ya kumi ya milimita, ambayo kwenye kazi nyingine ungeipuuza, hapa inahamisha kabari zaidi ya milimita moja.

Nguvu ya kufunga pia ijulikane mapema. Class 150 kwa chuma hiki hubeba baa 19.6 kwenye joto la kawaida. Kwenye kipenyo cha wastani cha kiti, mm 108, shinikizo hilo linasukuma kabari kwa takriban kilonyutoni 18, karibu uzito wa tani 1.8. Ukichukua msuguano wa 0.3, ukaongeza msukumo wa kutoa spindo nje na mbano wa pakingi (pete za kuzuia mvujo kuzunguka spindo), spindo inahitaji kusukumwa kwa takriban kilonyutoni 7.5. Kwa hesi ya Tr 24×5 (ya trapeza, kipenyo mm 24, hatua mm 5) pamoja na msuguano wa kola ya nati, hiyo ni nyutonimita 40 hivi kwenye usukani. Usukani wa mm 250 unamtosha mtu mmoja. Wa mm 160 utamfanya atafute bomba la kurefushia mkono, na bomba hilo ndilo linaloua valvu nyingi.

Spindo iwe ya mm 25 penye pakingi. Hesi yake lazima iwe ya kushoto. Kwenye valvu ya aina hii usukani unazungusha nati, spindo yenyewe haizunguki. Kwa hesi ya kulia, kuzungusha kufuata mshale wa saa kungefungua badala ya kufunga, na mwendeshaji anayekimbilia kufunga kwa dharura angefungua zaidi.

Hatua ya 2: Kielelezo na kalibu

Chuma cha pua husinyaa takriban asilimia 2 kikipoa. Urefu wa mm 229, pamoja na mm 4 za kukereza kila upande, ni 237. Kielelezo cha mbao, kinachoacha umbo kwenye mchanga wa kalibu, kiwe karibu mm 242. Kuta zake ziwe na mteremko wa digrii 1 hadi 2 ili kichomoke bila kubomoa mchanga.

Bodi ya valvu ya geti ina sehemu tatu ambazo chuma hukaa kizito na kuchelewa kuganda: makutano ya kitako cha kiti na ukuta, shingo iliyo chini ya flanji ya boneti, na mizizi ya flanji za mwisho. Hapo ndipo mashimo ya kusinyaa huzaliwa. Kanuni ni kwamba chuma kigande kuanzia sehemu nyembamba kuelekea nene, na kutoka nene kuelekea kwenye raiza (akiba ya chuma cha kuyeyuka inayolisha bodi ikisinyaa), ambayo ndiyo iwe ya mwisho kuganda. Weka raiza juu ya flanji ya boneti na juu ya flanji za mwisho. Kwenye vitako vya viti, ambako raiza haifiki, zika vipande vya chuma baridi ndani ya kiini ili sehemu hiyo iwahi kuganda. Vipande hivyo viwe vikavu na visiwe na kutu: unyevu ukigeuka mvuke unaacha vitundu vya gesi palepale utakapokereza kiti.

Kona zote za ndani zipewe mviringo. Kona kali hupasuka chuma kikiwa bado chekundu, kwa sababu kiini kigumu kinazuia kusinyaa.

Hatua ya 3: Kuyeyusha, kumimina, kupasha

Chuma ni ASTM A216 WCB, daraja la chuma cha kaboni cha kusubu. Kikomo cha kaboni ni asilimia 0.30, manganizi 1.00, silikoni 0.60, fosforasi na salfa 0.035 kila moja. Usilenge kikomo. Lenga kaboni 0.20 hadi 0.25, kwa sababu bodi hii itachomelewa pete za viti, na kaboni nyingi huleta nyufa kando ya mshono. Kwa kila 0.01 ya kaboni unayopunguza chini ya 0.30, kiwango kinaruhusu manganizi iongezeke kwa 0.04, mwisho 1.28, nguvu haitapotea.

Tuliza chuma kwa alumini kabla ya kumimina, kisha mimina karibu nyuzi 1,580 za Selsiasi bila kukatiza. Chuma kikipoa sana, mikondo miwili hukutana bila kuungana na kuacha mstari kama ufa. Kikizidi joto, kinaingia kwenye mchanga na uso unatoka na magamba. Mimina pia vipande vya kupimia nguvu kutoka kwenye chuma hichohicho, na uvigonge namba ya myeyuko. Bila namba hiyo, baadaye hakuna wa kuthibitisha bodi ilitokana na nini.

Baada ya kukata raiza, pasha vyote hadi nyuzi 900 hadi 920, shikilia saa moja kwa kila mm 25 za unene, kisha acha vipoe kwenye hewa tulivu. Kipande cha kupimia kipashwe pamoja na bodi, si peke yake. Kitoe nguvu ya kukatika kati ya megapaskali 485 na 655, ya kukubali kunyooka isiyopungua 250, na urefukaji wa asilimia 22.

Hatua ya 4: Kutafuta kasoro na kuzirekebisha

Pima unene wa ukuta kwa mashine ya mawimbi ya sauti kwenye pande nne za tumbo na za shingo. Pitisha rangi ya kupenya kwenye kona na penye makovu ya raiza.

Kasoro ichimbwe hadi chuma safi kionekane, ihakikiwe tena kwa rangi, ndipo ijazwe kwa fimbo ya kuchomelea ya E7018 iliyotoka kwenye oveni ya kukaushia. Shimo likizidi asilimia 20 ya unene wa ukuta (hapa ni mm 2.2 tu), au eneo lake likizidi sentimita 65 za mraba, au kama lilivuja kwenye majaribio, hilo ni rekebisho kubwa: bodi ipigwe picha ya mionzi mahali hapo, kisha ipashwe angalau nyuzi 595 kuondoa mkazo. Kufunika tundu kwa mshono wa juujuu bila kulichimba ni udanganyifu unaoweza kumchoma mtu kwa mvuke. Bodi ya namna hiyo irudi tanurini.

Hatua ya 5: Kukereza bodi na kuweka pete za viti

Kereza flanji za mwisho kwanza, kwa kuwa ndizo zitakazokuwa rejea ya vipimo vyote. Zilingane kwa usambamba. Kisha uso wa boneti, ukiwa sambamba na mhimili wa njia. Uso wa flanji unaokaa gasketi uache na mistari midogo ya mviringo, Ra (wastani wa mikwaruzo ya uso, kwa mikromita) kati ya 3.2 na 6.3, ukiulainisha kama kioo gasketi inateleza.

Pete za viti huandaliwa pembeni. Pete ya chuma cha kaboni inapashwa nyuzi 200 hadi 250, inawekwa Stellite 6 (aloi ngumu ya kobalti) kwa tabaka mbili, kisha inapozwa polepole ndani ya chokaa kavu au blanketi la kuzuia joto. Tabaka la kwanza huchanganyika na chuma cha chini na kupoteza ugumu, ndiyo maana ya la pili. Baada ya kukereza ibaki si chini ya mm 1.6. Pete iliyopozwa haraka hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Pitisha rangi ya kupenya kila moja.

Tundika bodi kwenye kishikizo kilichoinamishwa digrii 5, chimba mahali pa pete ya kwanza, kisha geuza bodi nyuzi 180 bila kuilegeza kwenye bamba lake na uchimbe ya pili. Ukiilegeza na kuifunga upya, pembe mbili hazitalingana. Kosa la digrii 0.1 kwenye kipenyo cha mm 116 linaacha uwazi wa mm 0.2 upande mmoja, na huo ni mto wa mvujo.

Ingiza pete, zichomelee mzunguko mzima upande wa njia, na acha zipoe. Ndipo ukereze uso wa mwisho wa kiti. Wengi hukereza kwanza kwa sababu ni rahisi pete ikiwa mkononi; mshono ukipoa unavuta pete, uso unakuwa na wimbi, na kazi yote ya mwanzo inapotea.

Hatua ya 6: Kabari

Kabari inayonyumbuka ni kama sahani mbili zilizoungana kwa kitovu kimoja katikati, zikiwa na mfereji kuzunguka ukingo. Bodi ikipoa na kusinyaa baada ya kufungwa ikiwa moto, sahani hujongeleana badala ya kung'ang'ania. Kabari ngumu isiyonyumbuka kwenye laini ya mvuke inaweza kukwama hadi ivutwe kwa winchi.

Nyuso zake zipewe safu ya chuma chenye kromi asilimia 13, ugumu usiopungua 250 kwa kipimo cha Brinell. Kiti cha Stellite ni kigumu zaidi yake, na ndivyo inavyotakiwa: nyuso mbili za ugumu uleule wa kromi 13 hushikana na kuraruana. Mifereji ya pembeni inayopanda kwenye reli za bodi iwe na ulegevu wa kutosha kuteleza, lakini si mwingi kiasi kwamba kabari inalala kwenye kiti cha upande wa kutokea kabla haijafika chini.

Sasa kuoanisha. Kazi hii haina njia ya mkato, na ndiyo inayostahili fundi wako mwenye mkono mtulivu kuliko wote.

Safisha nyuso kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Paka bluu ya kupimia (rangi inayoonesha palipogusana) kwenye viti viwili, nyembamba kiasi cha kuona chuma chini yake. Shusha kabari kwa mkono, igonge mara moja kwa nyundo ya mbao, itoe wima bila kuiburuza. Soma alama. Unatafuta mambo mawili kwa pamoja. Kwanza, pete ya bluu isiyokatika kuzunguka kila uso. Pili, mahali pete hiyo ilipo: chini ya kabari ibaki mm 2 kati ya bluu na ukingo wa nje, na juu ibaki mm 6. Hapo kabari iko mm 2 juu ya kitovu, kama ulivyochora.

Bluu ikigusa ukingo wa chini au ikatoka nje, kabari iko juu mno. Pima upungufu kwa venia, uzidishe kwa 0.087, na hicho ndicho kiasi cha kusaga kwenye kila uso. Mfano: unataka ishuke mm 1.5, saga mm 0.13 kila upande, si zaidi. Saga pande zote mbili sawa, la sivyo kitovu cha kabari kitahama na spindo itapinda. Ikiwa nafasi zimelingana juu na chini, au ya chini imezidi, kabari imeshuka mno na akiba imeanza kuliwa kabla valvu haijaanza kazi. Hiyo haisagwi, inaongezwa tabaka na kukerezwa upya. Kuipitisha kwa sababu bluu imezunguka vizuri ni kumuuzia mteja valvu iliyokwisha sehemu ya umri wake.

Bluu ikikatika juu tu au chini tu pande zote mbili, pembe za kabari na bodi hazilingani. Ikikatika kwa mapengo madogo yaliyotawanyika, ni uso tu: malizia kwa pesti ya kusagia kwenye bamba bapa la chuma cha kusubu, ukichora namba nane kwa mkono mwepesi. Usisage kabari moja kwa moja dhidi ya kiti ukitumaini vitazoeana. Pesti hula kingo, na uso unakuwa wa mviringo. Mkishaoanisha, gonga alama moja kwenye kabari na bodi upande uleule; kabari iliyogeuzwa si kabari ileile.

Hatua ya 7: Spindo, boneti, pakingi

Spindo ichongwe kutoka nondo moja ya kromi 13, kichwa chake cha umbo la T kikiwa sehemu ya nondo hiyo, si cha kuchomelea. Kiungo cha kichwa na kabari kiwe na nguvu kuliko spindo yenyewe kwenye mzizi wa hesi. Mtu akikaza kupita kiasi, spindo ikatike nje anakoiona, siyo kabari idondoke ndani huku usukani ukiendelea kuzunguka kana kwamba valvu inafunguka. Sehemu inayopita kwenye pakingi isuguliwe hadi Ra 0.8 au laini zaidi.

Nati ya spindo iwe ya shaba isiyoyeyuka chini ya nyuzi 955, au ya chuma cha kusubu chenye nikeli nyingi. Shaba rahisi huyeyuka moto ukizuka, na valvu haifungiki tena.

Pakingi ni pete 5 za grafiti za mm 6.4: ya kwanza na ya mwisho za kusuka, tatu za katikati za kubanwa kwenye kalibu. Za kusuka zikatwe kwa mshazari wa nyuzi 45, na maungio yasikae mstari mmoja. Bana pete moja moja kwa bushi kabla ya kuweka inayofuata. Ukizijaza zote tano na kukaza glandi (kikandamizi cha pakingi) mara moja, ya juu inabanwa na ya chini inabaki legevu. Baada ya siku chache inavuja.

Bolti za boneti ni za daraja la A193 B7 na nati zake za daraja la 2H. Zipake mafuta ya grafiti, kabari ikiwa imeinuliwa kidogo, na uzikaze kwa kuvuka: asilimia 30 ya kipimo, kisha 60, kisha 100, na mzunguko wa mwisho wa duara.

Hatua ya 8: Majaribio

Jaribu kabla ya kupaka rangi, kwani rangi huziba vitundu. Tumia maji yenye dawa ya kuzuia kutu, na toa hewa yote juu. Jeki za benchi zisibane bodi kati ya flanji, maana zinasukuma viti kwenye kabari na kuficha mvujo.

Kwanza ganda (bodi na boneti): kabari nusu wazi, shinikizo mara 1.5, yaani baa 30, sekunde 60. Bodi isitoe hata unyevu. Pili kiti cha nyuma (mahali ambapo bega la spindo hubana chini ya boneti): fungua hadi mwisho, legeza glandi, angalia sekunde 60. Kiti hicho kina kazi ya akiba. Usimwambie mteja kwamba anaweza kubadilisha pakingi huku laini ina shinikizo.

Tatu viti, upande mmoja baada ya mwingine, kwa hewa ya baa 4 hadi 7, sekunde 60. Funga kwa mikono mitupu. API 598, kiwango cha majaribio ya valvu, inaruhusu mapovu 24 kwa dakika kwa ukubwa huu, na kwa jaribio la maji la baa 22 matone 12. Kabari iliyooanishwa vizuri hukaa chini sana ya hapo, na karakana inayojiheshimu hujiwekea kikomo chake.

Ikivuja upande mmoja tu, angalia kama kuna chembe ya mchanga kwenye kiti, kisha mshono wa pete: mapovu yanayotoka nyuma ya pete si kosa la kabari. Ikivuja pande zote mbili kwa kiwango sawa, rudi kwenye bluu. Ikiacha kuvuja tu unapokaza kwa bomba la kurefushia, imeshindwa.

Ikipita, toa maji yote, hasa yaliyobaki chini ya kabari, ikaushe kwa hewa, ifunge, paka rangi bila kugusa spindo, na uzibe flanji kwa mbao au plastiki. Bamba la jina lioneshe ukubwa, Class, WCB, aina ya chuma cha viti na cha spindo, na namba ya myeyuko iwe imegongwa kwenye bodi yenyewe. Kwenye karatasi inayoifuata andika pia kwamba shinikizo linaloruhusiwa hushuka kadiri joto linavyopanda: baa 19.6 kwenye nyuzi 38, 13.8 kwenye 200, 6.5 kwenye 400, na kwamba chuma hiki hakifai kukaa muda mrefu juu ya nyuzi 425.